Miguel Mancera: mkuu wa benki aliyeandika msimamo wake kabla ya dhoruba

Mnamo Aprili 1982, Benki Kuu ya Meksiko ilichapisha kijitabu kilichoandikwa na mkurugenzi mkuu wake mpya, Miguel Mancera Aguayo, akieleza kwa nini nchi hiyo haipaswi kuweka udhibiti wa fedha za kigeni. Miezi mitano baadaye Rais wa nchi aliuweka udhibiti huohuo, na Mancera akajiuzulu. Nimesoma habari za wakuu wengi wa benki kuu, na wengi wao hukumbukwa kwa riba walizopandisha au kwa misukosuko waliyoivuka. Huyu mimi namkumbuka kwanza kwa kijitabu chake, kwa sababu ni nadra mtumishi wa umma kuweka msimamo wake kwa maandishi, kwa jina la taasisi ya serikali anayoiongoza, ilhali hajui bado upepo wa siasa utageukia wapi.

Mancera alizaliwa mwaka 1932 katika jiji la Mexico City. Alisomea uchumi katika taasisi ambayo leo inajulikana kama ITAM, chuo binafsi kilichowatoa viongozi wengi wa fedha wa nchi hiyo, kisha akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Aliingia Benki Kuu akiwa bado kijana, mwishoni mwa miaka ya 1950, na humo ndimo alimotumikia karibu maisha yake yote ya kazi. Benki ile, iliyofungua milango tarehe 1 Septemba 1925 na ambayo makao yake yako jirani na jumba la sanaa la Bellas Artes, ilikuwa wakati huo chini ya Rodrigo Gómez, mtu asiyekuwa na shahada ya chuo kikuu lakini aliyeiongoza kuanzia mwaka 1952 hadi kifo chake mwaka 1970. Chini yake bei zilipanda polepole mno, na dola moja ya Marekani iliuzwa kwa peso 12.50 tangu mwaka 1954. Vijana waliofunzwa kazi katika mazingira hayo walizoea kuamini kwamba thamani ya sarafu ni ahadi ambayo serikali imewapa wananchi wake, na ahadi haichezewi.

Ahadi hiyo ilianza kumomonyoka Rais Luis Echeverría alipotangaza mwaka 1973 kwamba mambo ya fedha yangeendeshwa kutoka Los Pinos, yaani ikulu ya wakati huo. Serikali ilitumia zaidi ya ilichokusanya, Benki Kuu ikaombwa izibe pengo, na tarehe 31 Agosti 1976 kiwango cha 12.50 kikavunjwa baada ya kudumu kwa miaka 22. Mrithi wake, José López Portillo, alibahatika kupata mafuta mengi katika Ghuba ya Campeche, lakini mafuta yale yaligeuka kuwa dhamana ya kukopea. Bei ya mafuta ilipolegea mwaka 1981 na riba za Marekani zikawa juu, wenye fedha wakaanza kuhamisha akiba zao nje. Rais aliapa kuitetea peso kama mbwa. Wiki chache baadaye, Februari 1982, peso ikaachwa ishuke, na mwezi uliofuata Mancera akakabidhiwa benki iliyokuwa tayari imo matatani.

Hapo ndipo kijitabu kilipokuja. Baadhi ya washauri wa Rais, hasa mchumi Carlos Tello, waliona kwamba njia pekee ya kuzuia fedha kutoroka ni serikali kushika dola zote na kuamua nani azipate na kwa kazi gani. Mancera hakujibu hoja hiyo kwa itikadi. Aliijibu kwa kuangalia jinsi nchi yake ilivyo. Meksiko ina mpaka wa zaidi ya kilomita 3,000 na Marekani, na katika miji kama Tijuana na Ciudad Juárez watu huvuka kila siku kwenda kazini, kununua mahitaji na kuwatembelea jamaa, huku dola na peso zikipita mkono kwa mkono kwenye maduka ya pande zote mbili. Kuna watalii wanaokuja na noti mfukoni, kuna wahamiaji wanaotuma fedha nyumbani, na kuna wafanyabiashara wanaoweza kuandika kwenye ankara bei isiyo ya kweli ili dola zibaki ng'ambo. Kuudhibiti mtiririko huo wote kungehitaji jeshi la makarani, kungezaa ulanguzi na rushwa, na mwishowe fedha zilizotaka kutoka zingetoka tu. Ninachokipenda katika hoja hiyo ni kwamba haimhitaji msomaji kuwa mchumi. Anayeishi karibu na mpaka wowote anaielewa mara moja.

Majira ya joto ya mwaka ule yalikuwa magumu. Mwanzoni mwa Agosti serikali iliweka viwango viwili vya kubadilisha fedha, kisha tarehe 12 Agosti ikaamuru kwamba waliokuwa na akaunti za dola katika benki za Meksiko walipwe kwa peso, kwa kiwango cha peso 69.50 kwa dola. Siku chache baadaye Waziri wa Fedha, Jesús Silva Herzog, aliwaeleza wakopeshaji wa kigeni kwamba nchi haina uwezo wa kulipa mitaji ya madeni kwa wakati, na huo ukawa mwanzo wa mgogoro wa madeni ulioitikisa Amerika ya Kilatini nzima. Tarehe 1 Septemba, López Portillo alilihutubia Bunge, akalia mbele ya wabunge, akatangaza kwamba benki binafsi zimetaifishwa na kwamba udhibiti wa fedha za kigeni unaanza. Mancera hakuweza kuendesha sera ambayo miezi michache kabla alikuwa ameiandikia kwamba haifai, na nafasi yake ikachukuliwa na Tello mwenyewe.

Tello alikaa miezi mitatu. Kiwango rasmi kilikuwa peso 50 kwa matumizi yaliyopendelewa na peso 70 kwa mengineyo, lakini ng'ambo ya mpaka dola iliuzwa ghali zaidi, na biashara kando ya Rio Bravo, mto wa mpakani, ilifanyika huko. Miguel de la Madrid alipoapishwa kuwa Rais tarehe 1 Desemba 1982, alimrudisha Mancera kazini. Sijapata mifano mingi ya mtu aliyejiuzulu kwa ajili ya hoja aliyoiandika akarudishwa katika kiti kilekile kabla mwaka haujaisha.

Kurudi huko hakukuwa karamu. Nakisi ya serikali mwaka 1982 ilifikia karibu asilimia 17 ya pato la taifa, na bei zilipanda kwa takribani asilimia 99. Miaka iliyofuata ilileta tetemeko la ardhi la Septemba 1985, kuporomoka kwa bei ya mafuta mwaka 1986 na kuanguka kwa soko la hisa mwaka 1987, mwaka ambao mfumuko wa bei ulifika asilimia 159. Kwa mfanyakazi wa mshahara hali hiyo ilimaanisha kwamba fedha ya mwisho wa mwezi haikuweza kununua hata nusu ya kile alichokinunua mwaka mmoja kabla. Desemba 1987 serikali, vyama vya wafanyakazi, wakulima na waajiri walitia saini Mkataba wa Mshikamano wa Kiuchumi, ulioweka mipaka ya pamoja juu ya bei, mishahara na thamani ya peso, sambamba na kubana matumizi ya serikali. Mkataba ulifanya kazi. Tarehe 1 Januari 1993 sufuri tatu zilifutwa kwenye sarafu, na mwaka huohuo mfumuko wa bei ulishuka hadi asilimia 8.

Katika kipindi hicho ndipo wazo ambalo Mancera alilipigania kwa muda mrefu lilipopata nguvu ya sheria. Kifungu cha 28 cha Katiba kilirekebishwa mwaka 1993, kikaipa Benki Kuu uhuru wake, na kikaweka bayana kwamba hakuna mamlaka inayoweza kuiamuru benki kuikopesha. Mtu aliyeshuhudia miaka ya 1970, wakati hazina ilipochota benki kuu kila ilipopungukiwa, bila shaka aliyasoma maneno hayo kwa hisia tofauti na sisi. Sheria mpya ilianza kutumika tarehe 1 Aprili 1994, na Mancera, aliyekuwa mkurugenzi mkuu, akawa gavana wa kwanza wa benki iliyo huru.

Siku tisa tu kabla ya tarehe hiyo, tarehe 23 Machi, mgombea urais wa chama tawala, Luis Donaldo Colosio, alipigwa risasi katika mkutano wa kampeni huko Tijuana. Mwaka ulikuwa umeanza na uasi wa Wazapatista, kundi la waasi wenye silaha, katika jimbo la kusini la Chiapas, siku ileile mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada ulipoanza kutumika, na baada ya kifo cha Colosio wawekezaji wakaingiwa na hofu. Akiba ya fedha za kigeni, iliyokuwa karibu dola bilioni 29 mapema mwaka huo, ilipungua kwa takribani dola bilioni 10 katika wiki chache. Ili kuwabakiza wawekezaji, serikali iligeuza deni lake la muda mfupi kuwa tesobono, hati fungani zilizolipwa kwa peso lakini zikihesabiwa kwa dola. Kila hati iliyouzwa ilihamisha hatari ya kushuka kwa peso kutoka kwa mwekezaji kwenda kwa hazina ya taifa.

Ni rahisi kusema kwamba benki huru ilishindwa mtihani wake wa kwanza, na wengi walisema hivyo. Mimi naona jambo hili linahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi. Uhuru ulioandikwa katika Katiba uliihusu mikopo na riba, lakini kiwango cha kubadilisha fedha hakikuwa mikononi mwa gavana peke yake. Kilikuwa, na bado kiko, mikononi mwa Tume ya Kubadilisha Fedha za Kigeni, yenye wajumbe watatu kutoka Wizara ya Fedha na watatu kutoka Benki Kuu, ikiongozwa na Waziri wa Fedha mwenye kura ya uamuzi kura zinapolingana. Kushusha peso katika mwaka wa uchaguzi kulikuwa uamuzi wa kisiasa, na wanasiasa waliukwepa hadi Rais mpya, Ernesto Zedillo, aliyewahi kufanya kazi katika benki hiyohiyo, alipoapishwa tarehe 1 Desemba.

Hata hivyo, haki inanidai niseme upande wa pili. Kila dola zilipotoka, benki iliongeza mikopo yake ya ndani kufidia peso zilizotoweka, ili riba zisipande mno wakati benki za biashara zikiwa dhaifu. Mancera alijitetea hadharani mwaka 1995 kwamba sera ya fedha haikuwa chanzo cha janga, kwa kuwa benki iliwapa watu kiasi cha noti walichohitaji tu. Hoja hiyo ina mantiki yake, lakini haijibu swali la kwa nini riba haikuachwa ipande mapema. Kosa lililo zito zaidi kwangu ni la taarifa. Kiasi cha akiba kilitangazwa kwa umma mara chache tu kwa mwaka, kwa hiyo wananchi na wawekezaji wadogo hawakujua jinsi ghala lilivyokuwa likiisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ndivyo ilivyokuwa: tarehe 20 Desemba mpaka wa juu ambao bei ya dola haikuruhusiwa kuuvuka ulisogezwa kwa asilimia 15, mabilioni ya dola yakatoka ndani ya siku mbili, na tarehe 22 Desemba peso ikaachwa ielee sokoni. Mwaka uliisha akiba ikiwa takribani dola bilioni 6, wakati tesobono zilizokuwa zikiiva zilizidi kiasi hicho mara kadhaa.

Yaliyofuata yaliwaumiza watu wasiowahi kushika dola. Dola iliyokuwa ikiuzwa chini ya peso 3.50 ilizidi peso 7 kufikia Machi 1995. Riba ya hati za serikali za muda mfupi ilipita asilimia 70, na waliokopa kununua nyumba, gari au trekta waliona madeni yao yakivimba hadi kupita thamani ya walichonunua. Wengi wao walijiunga na vuguvugu la wadeni lililoitwa El Barzón. Uchumi ulinywea kwa takribani asilimia 6 na mfumuko wa bei ukafika asilimia 52. Marekani ilitoa ahadi ya dola bilioni 20 na Shirika la Fedha la Kimataifa karibu dola bilioni 18, na mkopo wa Marekani ulimalizwa kulipwa Januari 1997, mapema kuliko ilivyopangwa.

Shutuma zilimwandama Mancera, lakini alibaki hadi muhula wake ulipokwisha tarehe 31 Desemba 1997. Katika miaka hiyo mitatu ya mwisho alifanya kazi ambayo haizungumzwi sana. Benki ilianza kutangaza mizania na akiba yake kila wiki. Ilijifunza pia kuongoza sera bila kiwango kisichobadilika cha dola, kwa kutumia njia waliyoiita corto, ambapo Benki Kuu iliziacha benki za biashara zikiwa na upungufu mdogo wa fedha ili riba zipande zenyewe. Alipoondoka, mfumuko wa bei ulikuwa umeshuka hadi chini ya asilimia 16. Guillermo Ortiz, aliyekuwa Waziri wa Fedha tangu siku zile za Desemba 1994, alichukua nafasi yake, na baadaye akaja Agustín Carstens, ambaye alifanya kazi katika benki hiyo akiwa kijana wakati wa Mancera. Chini yake, mwaka 2015, mfumuko wa bei ulishuka hadi asilimia 2.13. Peso imeendelea kuelea tangu ile tarehe 22 Desemba, na udhibiti wa fedha za kigeni ambao Mancera aliuandikia kijitabu haujarudi.