Sauti ikae sikioni, si ukumbini

The Mistholme Museum of Mystery, Morbidity, and Mortality ni podikasti ya hadithi iliyotungwa na Dominic Guilfoyle. Hakuna mtu anayeketi kukusimulia yaliyomkuta. Unachovalishwa ni kile kifaa ambacho wageni hupewa kwenye makumbusho makubwa, kinachokwambia simama hapa, tazama kabati la kushoto, haya twende. Ila vilivyomo kabatini vina mambo yake, na kifaa chenyewe kina akili na, kadiri unavyokizoea, kina moyo.

Shabiki akiipenda kazi ya aina hii, haichukui muda anaanza kutamani kuwa na kabati lake mwenyewe. Yanayofuata ni kwa ajili yake: namna ya kuandika na kurekodi chumba kimoja cha makumbusho ya ajabu kwa Kiswahili, kwa simu au maiki ya bei nafuu, na sehemu ambazo kazi huharibika.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kumwaga mwangwi juu ya kila kitu ili mambo yatishe. Mwangwi ni habari ya mahali. Unamwambia msikilizaji ukuta uko umbali gani, dari iko juu kiasi gani, sakafu ni ya mawe au ya zulia. Mwongozaji, yaani sauti ya kile kifaa, akisikika na mwangwi, maana yake naye yumo ukumbini, amesimama pahala fulani kama mgeni mwingine. Mwache mkavu, katikati kabisa, karibu sana. Hapo anakuwa ndani ya kichwa cha anayesikiliza. Isitoshe, mwangwi hula maneno. Kiswahili huonyesha mwanzoni mwa neno nani au nini kinazungumziwa, kwa hiyo vile vipande vifupi vya ki, vi na li vikifunikwa na mkia wa silabi iliyotangulia, msikilizaji hajui tena nani kafanya nini.

Basi mgawanyo ni huu. Sauti ya mwongozaji: mwangwi sifuri. Nyayo, milango na wageni wengine: mwangwi wa sekunde 1.5 hadi 2 kama ukumbi ni wa mawe na dari iko juu, nusu sekunde kama ni chumba kidogo chenye zulia na mapazia. Ukibadilisha mwangwi wa nyayo peke yake, msikilizaji anajua ameingia chumba kidogo kabla hujamwambia neno. Na ukishamzoesha hivyo kwa dakika kumi, umejiwekea akiba: siku utakapompa mwongozaji mwangwi wa ghafla, katikati ya sentensi, kila mwenye hedifoni atageuka nyuma. Sauti imetoka sikioni na sasa imesimama chumbani. Tumia hila hiyo mara moja tu katika kipindi kizima. Ya pili haitishi.

Mwongozo wa sauti wenyewe una historia inayofaa kuibiwa na waandishi. Mwaka 1952 makumbusho ya Stedelijk mjini Amsterdam yaliwapa wageni vipokezi vya redio, na maelezo yakarushwa kwa mawimbi mafupi ndani ya jengo. Hakukuwa na kubonyeza namba wala kurudisha nyuma: kila mwenye kipokezi alisikia neno lilelile kwa wakati uleule, hivyo wakasogea pamoja na kugeuza shingo pamoja. Fikiria sasa mgeni mmoja ambaye kifaa chake kiko sekunde tatu mbele ya wenzake. Hadithi nzima imo humo, wala hauhitaji hata jini.

Tuje kwenye kabati. Kumbukumbu halisi za makumbusho ni kavu: jina la kitu, malighafi, vipimo, kilikotoka, namba ya usajili. Makumbusho mengi hutumia namba ya sehemu tatu, yaani mwaka kitu kilipopokelewa, mapokezi ya ngapi katika mwaka huo, kisha kitu cha ngapi katika mapokezi hayo. Kwa hiyo 1962.7.2 ni kitu cha pili katika mapokezi ya saba ya mwaka 1962. Mwandishi makini hataiacha fursa hiyo ipite, kwa sababu namba hiyo inadai kwamba 1962.7.1 kipo mahali fulani na hakijaonyeshwa. Kibao cha maelezo kwenye kabati kinaweza kusomwa hivi:

"Kiatu cha mtoto, cha kushoto. Ngozi na uzi wa pamba. Urefu, sentimita 14. Namba 1962.7.2. Wageni wanaombwa wasihesabu viatu vyao wakiwa mbele ya kabati hili."

Mistari minne ya ofisi, mmoja wa ajabu, na ule wa ajabu nao umeandikwa kwa lugha ya ofisi. Ukigeuza uwiano huo kitu kinageuka kichekesho au kelele. Kipe kitu sharti moja na gharama moja. Kiatu kinachohesabisha, kinachonong'ona na kinachoua ni viatu vitatu vilivyolazimishwa ndani ya kabati moja, na msikilizaji ataacha kukiogopa kwa sababu hajui aogope kipi. Asili ya kitu nayo usiieleze yote. Mwongozaji anaweza kutaja kilikokutwa na nani alikileta. Akishataja na kwa nini kiko hivyo, umebaki na kiatu tu.

Taratibu za kweli za uhifadhi zinasaidia zaidi kuliko laana za kubuni. Nguo na karatasi kwa kawaida haziwekewi mwanga unaozidi lux 50 (lux ni kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu), kwa kuwa rangi hufifia na nyuzi huoza. Mwongozaji akikueleza hilo kwa utulivu, kisha akaongeza kwamba kwenye kabati hili taa zimeelekezwa mlangoni wala si kwenye kitu, kazi imekwisha. Huko Culver City, Marekani, kuna Museum of Jurassic Technology, iliyoanzishwa mwaka 1988 na David na Diana Wilson, inayoonyesha sanamu za kweli zinazokaa ndani ya tundu la sindano, na katika jengo hilohilo inakueleza habari za popo anayepenya ukuta wa madini ya risasi. Vyote kwa sauti ileile ya kitaalamu. Kwa maoni yangu, anayetaka kuandika hadithi za namna hii ajifunze kwanza hiyo sauti isiyokonyeza jicho.

Urefu: kwa mwendo wa mwongozaji asiye na haraka, maneno 100 ya Kiswahili huchukua takriban dakika moja. Kitu kimoja kikipewa maneno 350 hadi 450 kinatosha. Vitu vitatu, pamoja na kutembea kati yao, vinakupa kipindi cha dakika 15 hivi. Baada ya amri kama "tazama sehemu ya chini ya kabati" acha kimya cha sekunde 2 kamili. Wengi hukikata wakati wa kuhariri wakidhani ni nafasi iliyopotea, kumbe ndipo mgeni anapotazama.

Sauti yako irekodi ndani ya kabati la nguo au chini ya blanketi zito, feni na friji vimezimwa, simu ikiwa haipokei mtandao. Mdomo uwe shubiri moja kutoka kwenye maiki, na maiki ikae pembeni kidogo ya mdomo, isitazamane nao, maana pumzi ya P na B ikiipiga moja kwa moja hutoa mlipuko ambao hakuna programu itakayouondoa vizuri. Vilele vya sauti, yaani pale inapopanda juu kabisa, vicheze kati ya dB -12 na -6 (dB ni desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti). Kabla hujaanza, nyamaza sekunde 30 huku ukirekodi. Kimya hicho cha chumba utakihitaji kuziba mapengo, kwa kuwa kimya cha kompyuta, sifuri tupu, husikika kama hitilafu.

Kwenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, tumia treki tatu, yaani njia tatu za sauti zinazochezwa pamoja: mwongozaji, nyayo za mgeni, mazingira. Kwenye treki ya mwongozaji kata masafa, yaani sauti nzito, yaliyo chini ya Hz 80 (Hz ni mitetemo kwa sekunde). Kupunguza makelele, anza na dB 6, usipite 12. Ukizidisha, sauti inakuwa kama inaongea chini ya maji, na watu watadhani ulikusudia.

Mgeni wa makumbusho hatembei kama anayewahi daladala. Hatua 70 hadi 80 kwa dakika zinatosha. Zirekodi kwa kiatu cha soli ngumu kwenye sakafu halisi, angalau hatua 30 mfululizo, ukate kipande tofauti kila unapohitaji. Hatua nne zikinakiliwa mara kwa mara hugundulika, na zikishagundulika ukumbi wote unaporomoka. Nyayo za mgeni ziwe katikati. Za wengine ndizo ziende kushoto au kulia. Mvumo wa kabati lenye umeme unapatikana kwenye friji: weka simu sentimita 5 kutoka mota, rekodi dakika moja, ondoa yote yaliyo juu ya Hz 300. Mlango wa stoo ni bawaba ya geti iliyopunguzwa mwendo hadi nusu, kwani sauti hushuka oktava nzima na chuma chepesi hugeuka kizito. Ukichukua sauti za mtandaoni, soma leseni ya kila faili, si ya tovuti tu.

Mwisho wa kuhariri, lenga LUFS -16 (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa wastani wa kipindi kizima) kwa stereo, yaani sauti yenye kushoto na kulia, vilele visipite dB -1. Faili ya mono, yaani ya njia moja ya sauti, ya kbps 64 (kilobiti kwa sekunde) ni karibu MB 0.5 kwa dakika, na kwa anayenunua bando la siku hilo linavutia. Lakini mono inaua kushoto na kulia, na mwongozo wa makumbusho usio na upande wa kushoto ni redio ya kawaida. Stereo ya kbps 96 inakula kama MB 11 kwa dakika 15. Hiyo ndiyo ningeichagua.

Kuhusu haki: baadhi ya ulimwengu wa hadithi uko wazi kwa mashabiki kwa maandishi. The Magnus Archives, podikasti ya hadithi za kutisha, ina leseni ya Creative Commons (ruhusa ya wazi ambayo mwenye kazi hutoa kwa umma) inayoruhusu kazi mpya zisizo za biashara, kwa sharti kwamba mwenye kazi atajwe na kazi mpya itolewe kwa masharti yaleyale. SCP, mkusanyiko wa hadithi za vitu vya ajabu zinazoandikwa na watu wengi mtandaoni, inaruhusu hata biashara, nayo pia kwa sharti la kutaja na kuendeleza masharti yaleyale. Pasipo na ruhusa ya aina hiyo, jenga makumbusho yako mwenyewe, yenye jina lake na vitu vyake, na useme wazi ni nini kilichokuvutia. Kukata vipande vya sauti ya mwongozaji wa mwingine, au kuviingiza kwenye programu inayoiga sauti za watu, si ushabiki.

Weka pia andiko la kipindi kizima kwa ajili ya viziwi na wanaosoma kwanza. Sauti zisizo maneno ziandike kwenye mabano kwa namna zinavyosikika: [nyayo tatu, kulia, zinasimama]. Usiandike [nyayo za kutisha]. Anayesoma ana haki ya kuogopa mwenyewe.