Funika Damu kwa Mchanga

Somo: Mambo ya Walawi 17:13-14

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Walawi ni kitabu ambacho wengi wetu hukiruka haraka tukielekea kwingine, wala siwalaumu. Ukoma, ukungu wa nyumba, mafuta ya figo. Lakini Alhamisi ushirika wetu ulikwama kwenye mstari mmoja wa sura ya 17, tukashindwa kubanduka hadi chai ikapoa. Nikiuweka kwa maneno yangu, unasema kwamba mtu akienda kuwinda akapata mnyama au ndege wa kuliwa, aimwage damu yake chini, kisha aifunike kwa mchanga.

Mungu hakumkataza Mwisraeli kuwinda. Hilo liko wazi na sitalizungusha. Lakini huyu mwindaji ameshinda porini mchana kutwa, ana njaa, na nyumbani sufuria inamngoja. Kabla hajabeba kitu, anaambiwa ainame, achote mchanga, afunike. Mstari unaofuata unatoa sababu: uhai wa kila mwenye mwili umo katika damu yake. Nyama amepewa. Uhai unarudi kwa mwenyewe, na yeye anaurudisha kwa mikono yake akiwa amepiga magoti.

Babu yangu kule Bungoma hakuwahi kusoma Walawi, kwa kuwa hakujua kusoma. Akichinja kuku nyuma ya jiko alikuwa akikwangua udongo kwa kisigino mpaka lile doa lipotee, halafu analikanyagakanyaga. Siku moja nilimuuliza kwa nini, nikitarajia kupewa jambo zito la mila. Akaniambia, "Mbwa akizoea damu, kesho atakula kuku wa jirani."

Aliyetuchelewesha Alhamisi ni ndugu mmoja, fundi wa baiskeli hapa mtaani Mwariki, Nakuru. Aliuliza, "Mwalimu, na Nimrodi je? Si Biblia inamsifu kwa kuwinda? Na Petro si aliambiwa achinje?" Maswali ya fundi huyu hayana adabu, ndiyo maana nayapenda. Petro aliambiwa "uchinje ule", tena alikuwa na njaa. Luka ameandika hivyo. Kuhusu Nimrodi, tunaambiwa alikuwa hodari wa kuwinda mbele za Bwana. Kwamba Bwana alifurahi, hatuambiwi. Ukisogea mstari mmoja tu mbele utakuta mji wa kwanza wa ufalme wake ni Babeli.

Swali la fundi lilinikumbusha kibarua nilichofanya nikiwa kijana katika klabu moja ya zamani, upande wa Njoro. Ijumaa zangu zilikuwa za kupangusa vichwa vya wanyama waliowindwa. Ukutani kulikuwa na nyati, kongoni wawili, na pofu mmoja, yule swala mkubwa, aliyetobolewa sikio na wadudu hadi vumbi la mbao likawa linamwagika kwenye zulia. Nilipanda ngazi na kitambaa chenye maji kidogo, nikaambiwa nianze na macho. Yalikuwa ya kioo, na ukiyafuta vizuri unajiona humo, mdogo, ukiwa umeshika kitambaa. Chini ya kila kichwa kulikuwa na kibao cha shaba, nacho nilikisugua. Kiliandikwa jina la mwindaji na mwaka. Hivyo tu. Yule nyati aliliwa na nani, au aliachiwa fisi, hakuna kibao kilichosema.

Enzi zile zilikuwa hivyo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, muda mfupi baada ya kutoka kwenye urais wa Marekani, alifika nchi hii na mwanawe Kermit. Waliwinda Naivasha, wakawinda Uasin Gishu, wakapita Njoro, kisha wakapanda gari moshi hadi Kisumu na kuvuka ziwa kwenda Uganda. Orodha aliyoichapisha mwenyewe ina wanyama 512 waliouawa na wawili hao, wakiwamo simba 17, ndovu 11 na vifaru 20. Wengi walipelekwa kwenye jumba la makumbusho kule Washington, na kwa haki lazima niseme wataalamu walijifunza mengi kutokana nao. Lakini 512! Babu angehitaji kisigino cha chuma.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tusijipake mafuta kwa hilo, maana marufuku peke yake haikuwaokoa wanyama. Kifaru weusi waliokuwa karibu 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hawakufika 400 mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa sababu majangili hawakuhitaji leseni. Hawa vifaru tunaowaonyesha wageni wetu Ziwa Nakuru wapo kwa sababu hifadhi nzima ilizungushiwa ua, na kwa sababu kuna vijana wanaokesha na bunduki mvuani. Waombeeni kwa bidii kama mnavyowaombea wachungaji.

Nje ya mipaka yetu uwindaji wa nyara, yaani kuua mnyama ili uchukue kichwa, ngozi au pembe zake kama kumbukumbu, bado ni halali katika nchi kadhaa, na hapo ndipo ushirika ulipopamba moto. Wengine wenu mnamkumbuka simba Cecil wa Zimbabwe. Julai 2015 alivutwa kwa chambo nje ya hifadhi ya Hwange, akachomwa mshale na daktari wa meno kutoka Marekani, akaachwa na jeraha kwa saa nyingi kabla ya kumaliziwa. Kichwa na ngozi vikachukuliwa. Shingoni alikuwa na kola ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford. Baadaye serikali ilisema karatasi za yule daktari zilikuwa sawa. Karatasi, ndiyo.

Kinachoniumiza zaidi ni biashara ya Afrika Kusini, ambako simba wamezaliwa na kukuzwa ndani ya vizimba. Mtalii analipa kumnywesha mtoto wa simba maziwa kwa chupa na kupiga naye picha. Mtoto akikua, anaingizwa kwenye uwanja wenye ua, na mtalii mwingine analipa kumpiga risasi. Mnyama hakimbii kwa sababu tangu azaliwe binadamu ndiye aliyemletea chakula. Mnamkumbuka yule mwana-kondoo wa nabii Nathani, aliyekula chakula cha maskini na kunywea kikombe chake, kisha tajiri akamchukua na kumchinja? Daudi alipopewa kisa hicho hasira ilimwaka kabla hajajua anaambiwa habari zake mwenyewe. Serikali ya huko nayo imeshatangaza kwamba inataka kuikomesha biashara hiyo. Tuombe isichoke njiani.

Dada mmoja ambaye kwao ni Laikipia alitupinga. Alisema sisi wa mjini tunampenda ndovu kwa sababu hajawahi kulala kwenye mahindi yetu, na kwamba pesa za wawindaji, mahali zinapofika kijijini, zinajenga darasa. Sikuwa na jibu la kumzima, na sikutaka kumzima. Shamba lililolazwa usiku mmoja ni karo ya mwaka. Ninachomwambia ni kwamba uchungu wa mkulima haumpi mtu wa mbali ruhusa ya kufanya kifo kiwe burudani. Mkulima anayelinda chakula chake na mtu anayevuka bahari kutafuta pembe ndefu zaidi hawasimami mahali pamoja mbele ya Walawi 17.

Halafu kuna kufunika na kufunika. Ndovu wa Amboseli huvuka kwenda Tanzania na kurudi, maana wao mpaka hawaujui. Kati ya 2023 na 2024 kadhaa wa madume yenye pembe kubwa walipigwa risasi upande wa pili na wawindaji, na iliripotiwa kwamba mizoga mingine ilichomwa moto. Majirani zetu wana sheria yao na sisi tuna yetu, sitaki kuwahukumu kutoka Nakuru. Lakini nilipoisoma habari hiyo nilikaa nayo muda mrefu. Mwindaji wa Walawi anafunika damu kwa sababu Mungu anaiona. Anayechoma mzoga anawaza macho ya nani?

Nilidhani hapo ndipo tafakari itakapoishia, tukiwa tumekaa vizuri upande wa wenye haki. Fundi akaharibu. Alisema, polepole, kwamba kuna watu huja kibandani kwake kununua waya chakavu za breki. Hawana baiskeli. Wanataka zilizo ndefu, na hawabishani bei. Amewauzia miaka mitatu bila kuuliza.

Hakuna aliyemwambia kitu. Sote tunajua waya wa breki ukifungwa kitanzi kwenye njia ya swala unafanya nini. Mnyama anavuta, kitanzi kinakaza, na huenda mtegaji asirudi kwa siku mbili. Kule hifadhi ya Ruma, bonde la Lambwe, ndiko korongo wa mwisho wa Kenya (swala wakubwa, si ndege) walikobaki, wachache mno, na mitego ya waya ni miongoni mwa vitu vinavyowamaliza. Haina kibao cha shaba, haina picha, haina leseni. Watu wetu ndio wanaoitega, na wengine hukaa nasi Jumapili.

Jana nilipita kibandani kwake kujaza upepo. Chini ya benchi kulikuwa na kopo la rangi limejaa vipande vya waya, kila kimoja urefu wa kidole. Alikuwa na koleo mkononi, anaendelea kukata.

"Hizi," alisema bila kuinua kichwa, "hazimshiki hata panya."