Kukata lami kwa kibali: uzoefu wangu Tabata

Bomba kubwa la maji limepita upande wa pili wa barabara, nyumba zetu ziko upande huu, na katikati kuna lami. Tulipoomba kuunganishiwa, DAWASA, yaani mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, walikuja, wakapima, wakasema maji yapo, ila kuvuka lami lazima mwenye barabara aridhie kwa maandishi. Kwa kuwa mimi ni fundi sanifu wa ujenzi, macho ya kikao chote cha majirani yaliniangukia. "Wewe ndiye unayejua lugha ya mainjinia," akasema mzee mmoja, na kazi ikawa imeshagawiwa.

Swali la kwanza ni hilo hilo: mwenye barabara ni nani? Hapa ndipo watu wengi wanapotea. Wengi wetu bado tunaamini barabara za mtaani ni za manispaa, na kweli zilikuwa. Tangu 2017 barabara za wilaya, yaani zinazounganisha kata na kata, za kulisha barabara kubwa na hizi zetu za vichochoroni, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulio chini ya TAMISEMI, yaani wizara ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Kwa hiyo mtu anayetaka kuvuka Barabara ya Mandela anakwenda mlango mmoja, na anayetaka kuvuka mtaa wa nyuma yake anakwenda mwingine, hata kama wote wanaishi umbali wa kutupiana jiwe. Ukiiandikia halmashauri, barua yako itapokelewa, itagongwa muhuri, kisha itaanza safari ya kumtafuta mwenyewe. Nenda kwanza ofisi ya TARURA ya wilaya na jina la barabara, uulize kama iko kwenye orodha yao na ni ya daraja gani. Ni swali la dakika chache, na linakuokolea mengi.

Jambo la pili ambalo majirani zangu hawakuliamini mpaka walipolisikia kwa wenyewe: kibali hakihusu lami peke yake. Barabara ina hifadhi yake, yaani ukanda wa ardhi uliotengewa barabara, pande zote mbili, na ukichimba mtaro pembeni bila kugusa lami hata kidogo, bado umechimba barabarani kwa macho ya sheria. Sheria ya Barabara ni ya 2007. Wengi tunaijua kwa zile alama za X kwenye kuta za nyumba zilizoingia kwenye hifadhi, lakini inagusa hata mtu mwenye koleo na bomba la nusu inchi.

Halafu kuna turubai. Mtaani kwetu barabara hufungwa mara kwa mara kwa msiba au harusi, kwa neno la mwenyekiti tu, na hakuna anayelalamika. Majirani wakadhani na hili litakwenda hivyo hivyo: tumwone mwenyekiti, tuchimbe usiku, tufukie. Nikawaambia turubai likikunjwa barabara inabaki vile vile. Mtaro ukifukiwa vibaya, mvua ya kwanza ya masika inakuja kukuonyesha ulipopita.

Hilo ndilo ninaloona watu hawalielewi kuhusu vibali hivi. Wanaamini shida ni kuruhusiwa kukata, kumbe ofisini hakuna aliyehangaika sana na kukata. Maswali yote niliyoulizwa yalihusu kurudisha: mtafukia kwa kutumia nini, mtashindilia vipi, watu watapita wapi wakati huo, na ikititia miezi sita baadaye nimfuate nani. Ukiandika barua ya ukurasa mmoja inayosema "tunaomba kukata barabara," umejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Kwa hiyo faili letu lilikuwa na vitu hivi. Barua ya maombi kwa meneja wa wilaya. Barua ya serikali ya mtaa ikitutambulisha, pamoja na muhtasari wa kikao na sahihi za wenye nyumba. Barua ya mamlaka ya maji kuonyesha sehemu ya kuunganishia. Na mchoro, ambao nilitumia muda kuuchora vizuri: upana wa barabara, mahali bomba linapovuka, kina cha mita moja kutoka uso wa lami, bomba la chuma la nje kama ala na bomba letu la plastiki likipita ndani yake, tabaka za kufukia moja baada ya nyingine. Pembeni ya mchoro nikachora barabara ikiwa imekatwa nusu, na mishale ya magari yakipita nusu nyingine. Barua na viambatisho niliviacha masijala na nakala yangu ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala hiyo ilitembea nami kila mahali mpaka ikachakaa kwenye mikunjo.

Injinia aliyekuja kukagua alikuwa dada mmoja mwenye umri wa binti yangu wa kwanza. Alishuka kwenye gari na futi kamba, akatuamkia, akapima barabara mwenyewe bila kutegemea vipimo vyangu. Jambo hilo lilinipendeza.

"Mtakata kwa kutumia nini?" akauliza.

"Sururu na mtarimbo, mwanangu," akawahi yule mzee wetu. "Vijana wapo."

Injinia akacheka. "Hapana, baba. Kwa sururu utakata nusu mita na kuing'oa mita mbili. Tafuteni msumeno wa lami, muikate kingo zikiwa zimenyooka. Na hapa," akagonga kwa ncha ya kiatu chake sehemu lami ilipokuwa imeshaanza kupasuka, "hapa msipite. Sogeeni huku mita tatu. Mkipita hapa nyie ndio mtakaoonekana mmeharibu."

Hapo nilijifunza kitu ambacho sasa namwambia kila anayeniuliza: kabla ya kukata, piga picha za barabara ilivyo, nyufa na mashimo yake yote, na picha hizo ziingie kwenye faili. Zinakulinda wewe na zinamlinda injinia.

Akatupa masharti. Nusu barabara kwa wakati mmoja, kamwe isifungwe yote. Kufukia kwa moramu, ule udongo wa changarawe, tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe kwa mashine kabla ya kumwaga nyingine, na ya juu kabisa ichanganywe na saruji. Alama za onyo pande zote mbili, na taa usiku. Na kazi ya lami yenyewe tusiiguse, tuilipie tu. Hilo lilinifurahisha, maana lami ya moto hainunuliwi kwa ndoo. Mwenye mtambo hakupikii kwa ajili ya kiraka chenye upana wa kitanda. Tuliunganishwa na mkandarasi aliyekuwa na kazi za viraka wilayani, naye akatupitia alipokuwa na lori la lami upande wetu.

Malipo yalikuja kwa kumbukumbu namba, ukalipa kwa simu au benki, risiti ikatoka. Watu mtaani waliniuliza kwa kukonyeza jicho, "Na pembeni ulitoa ngapi?" Nikawa nawaonyesha risiti. Waliokuwa wanataka kusikia hadithi nyingine waliondoka bila kuridhika.

Kibali mkononi bado si barabara mkononi. Nilipeleka nakala kwa trafiki wa wilaya, nikawaeleza ni siku gani na saa ngapi, nao wakatushauri tukwepe asubuhi ya kwenda kazini. Zimamoto nikawajulisha pia, kwa sababu mtaa wetu una njia moja tu nzuri ya kuingilia. Kisha nikaketi na kalenda. Ijumaa mchana haiwezekani, msikiti uko mita chache kutoka hapo na watu wanajaa mpaka nje. Siku ya lori la taka nayo haiwezekani: barabara yetu ina upana wa kama mita sita, nusu yake bajaji na gari dogo linapita bila shida, lori halipiti. Jumapili asubuhi kuna kanisa. Machi mpaka Mei ni masika, huchimbi. Mwisho wa Juni ofisi za serikali zinafunga mwaka wa fedha na kila mtu ana haraka zake. Ukiondoa hayo yote, unabaki na siku chache, na hizo ndizo zinazokufaa.

Wenyewe hasa wa barabara, kwa maana ya watu wanaoishi nayo, ni kijiwe cha bodaboda pale kona na mama anayeuza chai na vitumbua mbele ya duka la nafaka. Vijana wa bodaboda niliongea nao kupitia mwenyekiti wao wa kijiwe. Hawakuwa na tatizo. Walichotaka ni kuambiwa mapema, na wawili wao tukawalipa wakashika bendera nyekundu na kijani. Hakuna dereva wa bajaji anayembishia bodaboda wa kona yake. Mama wa vitumbua alikuwa mgumu zaidi.

"Shikamoo mama," nikaanza. Ananizidi miaka michache.

"Marahaba. Nimesikia unakuja kunichimbia jikoni kwangu."

"Si jikoni, mama. Ni pale mbele kidogo."

"Wateja wangu wanakaa pale mbele kidogo."

Tulikubaliana tuweke mbao nene juu ya mtaro upande wake ili watu wavuke, na vumbi tulimwagie maji kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajawasha jiko. Makubaliano hayo hayakuandikwa popote, lakini ndiyo yaliyofuatwa kuliko yote.

Tulianza saa nne usiku. Msumeno wa lami una kelele ya kuamsha wafu, na huo ndio udhaifu wa kazi za usiku. Tuliwahi kupita nyumba kwa nyumba kuomba radhi mapema. Upande wa kwanza ulikwenda vizuri. Upande wa pili, kwa kina ambacho hakikuzidi urefu wa koleo, kijana aliyekuwa anachimba akasimama ghafla na kusema, "Mzee, hapa kuna waya." Ulikuwa waya mweusi wa mawasiliano, bila utepe wa onyo juu yake, bila mchanga, umelazwa tu kana kwamba aliyeuweka alikuwa anakimbizwa. Nilikuwa nimeshauliza mashirika yenye miundombinu chini ya ardhi kama wana kitu pale, na wote waliojibu walisema hawana. Kilichotuokoa ni kwamba sehemu ile tulichimba kwa mikono, taratibu, mashimo mawili ya majaribio kwanza. Kama tungekodi kijiko cha kuchimbia, mtaa mzima ungeamka bila mtandao, na sisi ndio tungekuwa na kibali chenye majina yetu. Tukapitisha bomba chini ya waya ule, tukaufunika kwa mchanga na matofali, na nikauongeza kwenye mchoro wa mwisho niliourudisha ofisini.

Kushindilia ndiko kulikochukua muda kuliko kuchimba. Kila mtu alikuwa amechoka na kila mtu alikuwa na maoni kwamba tabaka hili "linatosha." Nilisimama na fimbo niliyoiwekea alama kila sentimita 15 na sikubishana na mtu, moramu ikivuka alama, inatolewa. Alfajiri mama wa vitumbua alipita, akaangalia, akasema, "Angalau mmefukia kama watu." Baada ya lami kuwekwa tulikaa kwenye muda wa matazamio, yaani kusubiri kuona kama kiraka kitatitia, na fedha za dhamana tulizokuwa tumeweka zilirudishwa masika yalipopita na kiraka kikawa hakijatitia.

Ile ala ya chuma tuliiweka kubwa kuliko tulivyohitaji, kwa makusudi. Sasa nyumba za mtaa wa nyuma wanataka nao kupitisha bomba lao humo humo, bila kukata lami tena. Kibali cha kuchimba pembeni ya barabara wataomba wao. Ubishi uliobaki ni wachangie kiasi gani kwa ala ambayo hawakuilipia, na wenzangu wana bei ambazo hata mimi naona ni za kulipiza kisasi. Kikao ni Jumamosi.