Bastola ya mirathi na miaka miwili juu yake

Baba mkwe wangu, Mmarekani wa Pennsylvania, hupenda kusimulia jinsi babu yake alivyomnyang'anya ofisa wa Kijerumani bastola handakini, kule Argonne, Ufaransa, mwaka 1918, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Bastola yenyewe anayo: Luger P08, bastola ya jeshi la Ujerumani. Akaniomba nimsaidie kusoma maandishi yake kabla hajairithisha.

Kwanza nilitoa magazini, nikavuta kile kiungo cha juu kinachokunjika kama goti, nikahakikisha chemba haina risasi. Penye kiwiko cha usalama pameandikwa GESICHERT, yaani imefungwa isifyatuke; kwenye kikamata-ganda, kile kidude kinachovuta ganda la risasi kutoka chemba, pameandikwa GELADEN, yaani imepakiwa, na neno hilo hujitokeza risasi ikiwa ndani. Kisha nilipaka mafuta mepesi kwa kitambaa laini. Msasa usithubutu! Unafuta mihuri, na thamani inakwenda nayo.

Siri ni taa. Ukiimulika kutoka ubavuni, hata alama iliyofifia hutoa kivuli. Juu ya kiungo nikasoma DWM, herufi zilizosukwa pamoja: Deutsche Waffen- und Munitionsfabriken, kiwanda cha Berlin. Ubavuni kulikuwa na herufi ndogo zenye taji, mihuri ya wakaguzi wa enzi za Kaizari, na mchoro wa tai, muhuri wa kuonyesha kuwa bastola ilijaribiwa kufyatua. Namba ilikuwa na tarakimu nne na herufi ndogo chini yake. Herufi hiyo huwachanganya wengi: kiwanda kilihesabu hadi 10,000, kikaanza upya na a, halafu b, na mwaka ukibadilika hesabu nayo ikaanza tena. Kwa hiyo namba bila mwaka haikuambii kitu. Vipuri vidogo vilikuwa na tarakimu mbili za mwisho za namba hiyohiyo, kwa hiyo havikuwa vya kuokoteza.

Sasa mwaka. Juu ya chemba palikuwa na 1917, na hapohapo 1920.

Huo wa pili si mwaka wa kutengenezwa. Baada ya vita serikali ya Ujerumani iliamuru raia wasalimishe silaha za kijeshi, na zilizobaki mikononi mwa jeshi na polisi zikapigwa mhuri wa 1920 kuonyesha ni mali ya serikali. Mbele ya mpini nikakuta alama inayoanza na S, ya Schutzpolizei, polisi wa sare wa Ujerumani, na ubavu wa kushoto una kile kipande cha chuma ambacho polisi walianza kufunga miaka ya 1930 ili bastola isifyatuke kifuniko cha ubavuni kikiondolewa. Bastola iliyotekwa 1918 isingeweza kuwa na vitu hivyo.

Nilimwambia hivyo taratibu, maana hadithi ya ukoo haivunjwi kwa kishindo. "Labda babu aliinunua baadaye," akasema. Nikamuuliza baba yake mzazi alikuwa wapi mwaka 1945.

"Ujerumani," akajibu, akaenda kutafuta karatasi zake za jeshi.