Kutoka Dodoma kwenda kuozesha

Shemeji yangu alinipigia simu kutoka Unguja. "Toa wakala tu, bwana. Mimi nitasimama badala yako, usijihangaishe na safari." Hakukosea. Walii, yaani msimamizi wa bibi harusi, anaweza kumpa mwingine uwakala wa kuozesha, na ndoa nyingi hufungwa hivyo. Nikamshukuru, kisha nikakata tiketi. Mengi ya binti yangu yalinipita kwa sababu ya kazi za bara, lakini hili sikuwa tayari kulikaimisha.

Ilikuwa Shaabani, mwezi ambao Unguja harusi hugongana, kila mtu akitaka kumaliza shughuli kabla ya Ramadhani. Mama wa binti alishatangulia Unguja. Mimi nikapanda treni ya asubuhi, kanzu nimeilaza juu ya begi isije ikakunjana. Tangu SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, safari ya Dar es Salaam si ya kutwa nzima tena, na kwa mtu mwenye la kuandika nasema ni fupi mno. Nilikuwa na daftari. Nilitaka kumwandikia mwanangu nasaha.

Mpaka tunapita Gulwe nilishajaza ukurasa mzima juu ya subira. Nikausoma, nikaukata kwa kalamu. Bibi harusi yeyote huusiwa kuvumilia mpaka masikio yakamuuma. Bwana harusi huambiwa hongera. Nikasema mimi sitaongeza sauti yangu hapo.

Kabla ya Kilosa treni huingia kwenye mahandaki ya milimani. Bondeni iko reli ya zamani, aliyoijenga Mjerumani, inafuatana na Mto Mkondoa ambao mara kwa mara umefurika na kuibomoa. Nikaanza upya. Nikaandika kwamba namwombea apate mtu wa kucheka naye, maana siku za kawaida ni nyingi kuliko sikukuu. Mshahara wake ubaki wake. Wakigombana, wasimpe mtu wa tatu ugomvi wao, hata mimi. Na chumba chake nyumbani hakitapangishwa. Hilo la mwisho nikalipigia mstari.

Kutoka stesheni hadi bandarini ni mwendo mfupi wa bajaji. Boti ndiyo iliyonitia adabu. Kaskazi ilikuwa inavuma, nasi tunaielekea usoni, mabaharia wakipita kugawa mifuko kwa abiria. Mzee mmoja pembeni yangu alisoma Yasin yote bila kufumbua macho. Tulipoukaribia mnara wa taa wa Chumbe, uliopo pale tangu 1904, maji yakatulia na watu wakaanza kuulizana wanakwenda mtaa gani.

Siku ya akdi, yaani ya kufunga ndoa, baada ya alasiri, niliingia ndani na mashahidi wawili kumuomba idhini. Chumba kilijaa udi na shangazi zake. Mwari akinyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa ni ridhaa, na wengi hunyamaza. Wangu hakunyamaza. "Nimeridhika, baba. Nenda, watu wanasubiri." Shangazi mmoja akacheka. Mimi ndiye niliyekosa la kusema, daftari likiwa mfukoni.

Msikitini nikakalishwa mbele ya kijana, magoti yetu yakikaribia kugusana. Sheikh akasoma hotuba ya nikahi, kisha akatuunganisha mikono ya kulia. Hapo ndipo nilipong'amua kwamba kazi yote niliyoisafiria ni sentensi moja, tena haimwelekei binti yangu, ambaye hata hayupo pale. Nikamwambia mwanamume mwenzangu: nimekuozesha binti yangu kwa mahari mliyokubaliana. Akajibu bila kukwama: nimekubali kumuoa kwa mahari hayo. Watu wakaomba dua ile ile ya Mtume, Mungu akubariki, akubarikie, na awakusanye nyote wawili katika kheri. Nimeitikia dua hiyo kwenye harusi za watu tangu utotoni, nusu ya akili ikiwa kwenye halua. Safari hii kila neno nililipokea kama deni ninalolipwa.

Sheikh akaniinamia. "Mwachie mkono sasa, mzee."

Tukarudi nyumbani kwa matwari na vigelegele, kijana akaingizwa ndani kumpa mkono mkewe. Daftari nililiacha kwa mama yake amfikishie. Ule ukurasa wa subira tu niliuchana, nikamsubiri mkwe ukumbini. Aliusoma wote amesimama, akaukunja, akautia ndani ya joho.

"Na mama naye ameusoma?" akaniuliza.

"Hana haja," nikamwambia. "Miaka yote niko bara, nani unadhani alikuwa akivumilia?"

Kisha tukaitwa kwenye biriani.