Mchezo wa tatu na Mwalimu: sare, hatua 46

Jumapili. Mchezo wa tatu wa sataranji umekwisha, tumetoka sare. Umekula miezi mitano: mimi Dodoma mjini, Mwalimu Kondoa, kila mmoja na siku tatu za kufikiri kabla ya kutuma hatua kwa simu. Msaada wa kompyuta tulikatazana tangu mwanzo.

Nilikuwa na kete nyeupe. Nikafungua kwa askari kwenda mraba wa e4, naye wake e5, farasi wakatoka, nikapeleka askofu b5: ufunguzi wa Kihispania, niupendao kuliko yote. Akajibu farasi f6. Huo ni Ulinzi wa Berlin, ambao Mrusi Kramnik aliutumia London mwaka 2000 kumvua Mrusi mwenzake Kasparov ubingwa wa dunia. Walicheza michezo 15, Kasparov asishinde hata mmoja. Kufikia hatua ya 8 malkia wote wawili walikuwa wameliwa, na mfalme wa Mwalimu yuko d8, wazi, hana tena ruhusa ya kujificha pembeni kwa msaada wa ngome, kwa kuwa ameshasogea. Upande wa mfalme nina askari wanne kwa watatu wake. Nikajua huu ni wangu.

Kosa nililifanya hatua ya 27. Nilitoa farasi wangu wa mwisho nikachukua askofu wake wa miraba nyeusi, nikiamini kete zikipungua wingi wa askari wangu utaonekana. Sikuangalia kinachobaki: askofu wangu anatembea miraba nyeusi tu, wake myeupe tu. Hawakutani kamwe. Ngome zilipoisha, mfalme wake akaketi e6 na askofu wake akailinda f5, miraba myeupe ambayo askofu wangu haifikii. Nilimla hata askari mmoja upande wa pili, haikusaidia kitu.

Ubao wangu unakaa mezani karibu na dirisha, na upepo wa Julai hapa Dodoma tunaujua. Juzi nilimwinua askari wa e5 nimpanguse. Chini yake palikuwa na duara dogo safi, linang'aa katikati ya vumbi. Hakusogea tangu hatua ya 7.

Mwalimu akapiga simu. "Mwanangu, mfalme wangu hapo hatoki. Tugawane?"

Nikamwomba siku zangu tatu. Nimejaza kurasa nne za daftari nikitafuta njia, zote zinagota e6. Leo asubuhi: "Shikamoo Mwalimu. Tugawane."

Nikipata nyeupe tena, hatua ya 4 nacheza askari d3, malkia wabaki ubaoni. Kwa sasa nyeupe ni zake, na jioni hii ameshatuma: d4.