Nilivyoachana na valium pole pole: uzoefu wangu, Uyole Mbeya

Kama unameza kidonge cha usingizi kila usiku na kila ukijaribu kukiacha unaona hali inakuwa mbaya kuliko hata ulivyoanza, basi haya yangu yanakuhusu. Mi ni fundi cherehani, nakaa Uyole, na nimetoka kwenye diazepam, hii ambayo wengi wetu tunaiita valium. Ninachotaka ukishike ni kwamba hii dawa haikatwi kwa mkupuo, inapunguzwa kidogo kidogo na daktari akijua, na ule usiku mbaya unaokuja baada ya kupunguza haumaanishi kwamba bila dawa huwezi kulala tena, ni mwili unaachana na dawa. Hilo la pili lilichukua muda sana kuniingia kichwani.

Nilianza baada ya ajali. Tulikuwa kwenye kosta tunatoka Mbalizi tukagongwa kwenye ule mteremko wa Iwambi, mi nilitoka na michubuko ila wengine hawakutoka kabisa, na tangu hapo nikifumba macho nasikia chuma kinasaga. Nikaandikiwa diazepam miligramu 5 usiku, kwa wiki mbili. Na kwa kweli ilinisaidia, sitaki kuisema vibaya, siku za mwanzo ilikuwa rehema. Shida ni kwamba wiki mbili zikaisha, hofu haijaisha, nikaenda duka la dawa nikanunua tena, hakuna aliyeniuliza cheti, nikawa mteja wao. Baadaye kile kimoja kikawa hakinishiki nikawa nakunywa viwili, yaani miligramu 10 kila usiku, na maisha yanaenda, nashona, nakwenda kanisani, nani angejua?

Kilichofanya ijulikane ni msiba wa Tukuyu. Niliondoka haraka dawa nikaziacha nyumbani. Usiku wa kwanza kawaida, wa pili kawaida, na hapa ndo panapochanganya watu, kwa sababu diazepam inakaa mwilini muda mrefu, inatoka taratibu siku hadi siku, kwa hiyo arosto yake haiji papo hapo. Ilipokuja matanga yanaelekea kuisha: jasho la baridi, mikono inatetemeka mpaka chai inamwagika, moyo unakimbia, watoto wakicheka nje nasikia kama wananipigia kelele ndani ya kichwa, na usingizi hakuna kabisa. Wakanipima malaria, hamna. Shangazi akaanza kusema haya mambo ya msibani mtu huwa anatupiwa kitu, wakaniombea usiku kucha. Hakuna hata mmoja aliyewaza vidonge, na mimi mwenyewe sikuwaza maana siku zilikuwa zimeshapita.

Dada yangu ndo alinikokota hospitali, akasisitiza twende kliniki ya afya ya akili, mama akawa hataki kwa sababu ya jina tu la hiyo kliniki. Daktari akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, "mama, kuna dawa yoyote unakunywa kila siku hata kama siyo ya kuumwa?" Nikamwambia. Akatulia kidogo afu akasema una bahati hujaanguka degedege, kwa sababu ukikatisha hizi dawa ghafla baada ya kuzitumia muda mrefu unaweza kupata degedege hata kama hujawahi kuwa na kifafa maishani, na wengine wanachanganyikiwa, wanaona vitu ambavyo havipo. Watu wanakufa kwa hilo. Siyo kukutisha, ila ukisikia mtu anakwambia "we tupa tu, jikaze," ujue hajui anachokisema.

Alivyonieleza ni hivi. Kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa GABA ambayo kazi yake ni kutuliza. Diazepam na ndugu zake kama lorazepam na alprazolam (Xanax hiyo) zinaiongezea nguvu. Sasa dawa ikikaa muda mrefu ubongo unajirekebisha, unapunguza usikivu wake kwa hiyo GABA maana kila siku msaada unatoka nje. Mi nilimwelewa kwa Iwambi: ni lori limezoea kushushwa kwa breki za kuazima mpaka breki zake lenyewe zimelegea, ukiziondoa zile za kuazima pale juu mlimani unategemea nini? Breki zake zinarudi, ila zinataka muda. Na akanitoa wasiwasi ambao ulikuwa unanila, nilikuwa nimeshajiona teja, akasema mwili kuzoea dawa uliyoandikiwa unaweza kumpata yeyote, hata anayekunywa kama alivyoelekezwa, wala hauhitaji uwe na tamaa nayo.

Hii siyo habari mpya duniani. Valium iliingia sokoni mwaka 1963 na ilipokelewa kama dawa salama, na mpaka leo ina kazi zake muhimu, mtu wa degedege hospitalini inamwokoa. Ila kule Newcastle Uingereza Profesa Heather Ashton aliendesha kliniki ya watu wanaotaka kuachana na dawa hizi toka 1982 mpaka 1994, na alichokisisitiza ni kushuka pole pole kwa kasi ya mgonjwa mwenyewe. Marekani nako mamlaka yao ya dawa mwaka 2020 iliagiza onyo kali zaidi liwekwe kwenye dawa zote za kundi hili, kuhusu mwili kuzizoea na hatari ya kuzikatisha.

Mpango wetu ukawa hivi. Kwanza nilirudishwa kwenye miligramu zangu 10 mpaka nitulie, jambo lililomshangaza dada sana, alitegemea nitaambiwa niache siku hiyo hiyo. Baada ya hapo ndo kushuka, karibu asilimia 5 mpaka 10 ya ile dozi niliyoanzia, kila baada ya wiki mbili hadi nne. Daktari akanitafutia vidonge vya miligramu 2 maana vile vya 5 ukivikata robo unakuwa umeruka hatua kubwa, hasa ukifika chini. Kwa hiyo 10, 9, 8 hivyo hivyo mpaka 5, halafu kuanzia hapo nusu miligramu nusu miligramu. Kukata nilikuwa nakata kwa wembe mpya juu ya meza yangu ya kazi, nimetandika kipande cha kitambaa cheusi cha sketi za shule ili unga uonekane, unaweka wembe kwenye ule mstari wa kidonge unabonyeza mara moja bila kusaga. Nusu inatoka safi. Robo inavunjika ovyo, moja kubwa moja ndogo, basi kubwa naimeza leo ndogo kesho, daktari alisema tofauti hiyo haina shida kwa sababu dawa yenyewe inakaa mwilini. Na hapo nisisitize, hii ilikuwa dozi yangu, usiichukue uifanye yako, kuna wenye kifafa, kuna wajawazito, kuna wanaokunywa za aina nyingine zinazotoka mwilini haraka, kila mmoja na hesabu yake.

Hatua nyingine zilipita kimya. Nyingine zilinitesa, ile ya kutoka 4 kwenda 3.5 sitaisahau, hofu ilirudi nikawa siwezi hata kupanda bajaji. Nikampigia nesi, akaniambia usipande juu, usishuke, kaa hapo hapo. Nikakaa mpaka nikatulia ndo tukaendelea. Yaani baridi ya Juni ilinikuta juu, mvua zikaja zikaisha, na baridi nyingine ikanikuta niko kwenye vipande vidogo mno.

Ila dawa kupungua peke yake isingetosha kama usingizi wenyewe haujatengenezwa, hii sehemu watu wanairuka na ndo ilinisaidia kuliko yote. Unaamka saa ile ile kila siku hata kama umelala kidogo, mi saa kumi na moja na nusu. Mchana hulali. Kitandani ni kulala tu, siyo simu, siyo kupiga hesabu za wateja. Na ukikaa macho muda mrefu unatoka kitandani unakaa sehemu nyingine yenye mwanga hafifu mpaka usingizi ukuvute. Jamani kutoka kwenye blanketi saa nane usiku Uyole mwezi wa saba ni kazi! Nilikuwa najifunga vitenge viwili na sweta nakaa nafumua mishono. Tafadhali usiingize jiko la mkaa ndani ili upate joto, moshi wake usioonekana unaua, na mtu aliye kwenye dawa za usingizi ndo hatashtuka kabisa. Kahawa na chai kali nikaziishia mchana, na ile hofu ya ajali nikaanza kuizungumza kliniki, kitu ambacho kilitakiwa kifanyike toka mwanzo kabla ya kidonge cha kwanza.

Pombe usiguse. Iwe komoni, iwe bia, iwe kimpumu cha harusini, ukichanganya na hizi dawa pumzi inaweza kushuka mpaka ikakata, na tramadol, ile dawa kali ya maumivu, vile vile. Kuna muuza duka alinishauri nibadilishe niwe nakunywa Piriton, ile ya mafua na aleji, nikamuuliza daktari akasema itakulewesha usingizi tu lakini haizibi pengo la diazepam wala haizuii degedege.

Sasa hivi silali kama mtoto mchanga, kuna usiku naamka, ila naamka nikiwa mimi. Vipimo vya mteja navikumbuka kichwani kiuno mpaka urefu, wakati ule nilikuwa naandika afu nasahau nimeandika wapi. Mama naye ameanza kumpeleka kliniki jirani yetu mzee ambaye amekunywa hizi dawa miaka na ameanza kuanguka anguka, maana kwa wazee zinaleta kuanguka na kusahau, watu wanadhani ni uzee.

Ukienda hospitali sema wazi ni dawa gani, miligramu ngapi, tangu lini, na mara ya mwisho umekunywa lini, na omba mpango wa kupunguza. Kama mtu ameshaacha ghafla na anatetemeka sana, ameanguka degedege au anaongea vitu havieleweki, usisubiri asubuhi, mpeleke usiku huo huo na ubebe ile pakiti yenyewe.